Waarabu na Wafalme wa Uajemi Kabla ya Uislamu

SABATO ALASIRI

Kwa ajili ya juma hili soma Mwanzo 17:18–21, 21:14–21, Nehemia 2:19, Isaya 45:1–6, Amosi 9:7, Matendo 2:5–11 na Ufunuo 9:1–4. Fungu la kukariri ni Danieli 2:21. Lisome katika Biblia yako, ulikariri pamoja na watoto nyumbani.

Mkazi wa Pemba hukutana na Uajemi kila siku, hata asipojua. Mwulize mzee wa Micheweni au Kojani asili yake, na huenda akakujibu kuwa yeye ni Mshirazi. Shiraz ni mji wa Iran. Wavuvi na wakulima wa zamani wa visiwa hivi walihesabu mwaka wao kwa Nairuzi, wakiugawa kwa miongo ya siku kumi kumi, na kule Makunduchi Mwaka Kogwa husherehekewa hadi leo kila Julai. Nairuzi ni neno la Kiajemi lenye maana ya siku mpya, na sikukuu yenyewe ni ya kale kuliko Uislamu. Tunaposema bandari, nanga, pamba au serikali, tunatamka maneno yaliyotoka kwa Waajemi. Mwaka 2023 wataalamu waliochunguza mifupa kutoka makaburi ya kale ya pwani, yakiwemo ya Mtwapa, Manda na Kilwa, walitangaza kwamba damu ya Kiajemi ilianza kuchanganyika na ya Kiafrika huku kwetu karibu mwaka 1000.

Hayo yote yalikuja baada ya Uislamu. Lesoni ya juma hili inarudi nyuma zaidi, hasa katika karne ya tano hadi mwanzo wa karne ya saba, Uarabuni kwenyewe, wakati wafalme wa Uajemi walipokuwa na nguvu juu ya makabila mengi ya Waarabu. Kwa nini tujifunze hayo katika Shule ya Sabato? Kwa sababu sisi tulio wachache kisiwani tunaishi katikati ya Waislamu, wengi wetu tumekuja kwa kazi, na mara nyingi tunazungumza juu ya chimbuko la majirani zetu bila kulijua. Asiyejua historia ya jirani yake hujaza nafasi hiyo kwa uvumi.

JUMAPILI: Hema za Kedari

Soma Mwanzo 17:18–21 na 21:14–21. Mungu aliahidi nini juu ya Ishmaeli, na alifanya nini kijana alipolia jangwani?

Ishmaeli hakuwa mtoto wa agano, lakini hakuwa mtoto wa laana. Alibarikiwa kwa jina lake. Wanawe, Nebayothi na Kedari wakiwa wa kwanza, wanatajwa tena na tena katika manabii kama watu wa kondoo na hema. Tuseme pia kwamba si Waarabu wote wanaojihesabu kwa Ishmaeli. Wale wa kusini, upande wa Yemeni, hujihesabu kwa Qahtan, na wengi humlinganisha huyo na Yoktani wa Mwanzo 10.

Waarabu na Uajemi wanakutana ndani ya Biblia mapema sana. Nehemia alipofika Yerusalemu kwa ruhusa ya mfalme Artashasta wa Uajemi, mmoja wa waliomdhihaki alikuwa Geshemu Mwarabu (Nehemia 2:19). Huyu hakuwa mchunga mbuzi wa kando ya njia. Kule Misri lilipatikana bakuli la fedha lenye maandishi ya Kainu mwana wa Geshemu, mfalme wa Kedari. Basi miaka elfu moja kabla ya wakati tunaojifunza, wakuu wa Kiarabu walikuwa tayari ndani ya mipaka ya himaya ya Uajemi, wakitafuta namna ya kuishi na wakubwa wao.

Katika Isaya 45:1–6 Mungu anamwita Koreshi kwa jina, ingawa Koreshi hamjui. Je, kutumiwa na Mungu ni sawa na kukubaliwa na Mungu katika kila jambo? Jibu lako litakusaidia siku zinazofuata.

JUMATATU: Kabila ndilo ngome

Jangwani hapakuwa na mfalme, polisi wala jela. Mtu alilindwa na kabila lake. Ukimwua mtu wa kabila jingine, ndugu zako wote wamo hatarini, kwa maana kisasi hakikumtafuta muuaji peke yake. Aliyefukuzwa na kabila alikuwa sawa na maiti atembeaye. Kwa sababu hiyo mgeni alithaminiwa sana: aliyeingia hemani na kula alikuwa chini ya ulinzi wa mwenye hema. Jina la Hatim wa kabila la Tayy bado linatajwa kwa ukarimu hata katika hadithi za Waswahili. Kulikuwa na miezi mitukufu ambayo vita vilisimama ili watu wahiji na kufanya biashara, na soko la Ukaz, karibu na Taif, lilikuwa mahali pa bidhaa na pa mashairi. Mshairi alikuwa mdomo wa kabila. Mmoja wa wakubwa wao, Antara bin Shaddad, alizaliwa na mama mtumwa wa Kihabeshi, na masimulizi yanasema alipata uhuru wake kwa ushujaa vitani.

Makka kulikuwa na sanamu ya Hubali, na miungu ya kike Lata, Uzza na Manata iliabudiwa sehemu mbalimbali. Walikuwepo pia Wayahudi Yathrib na Khaybar, na Wakristo katika makabila kadhaa. Picha ya Uarabuni yote kuwa giza tupu si ya kweli. Picha ya kwamba kila kitu kilikuwa kizuri nayo si ya kweli: mtoto wa kike aliweza kuzikwa hai, na mnyonge asiye na ukoo hakuwa na wa kumtetea.

Kaskazini jangwa hili lilipakana na falme mbili kubwa: Rumi ya Mashariki, yenye makao yake Konstantinopoli, na Uajemi wa nasaba ya Wasasani, waliotawala tangu mwaka 224, mji wao mkuu ukiwa Ctesiphon, ambao Waarabu huuita Madain. Hakuna aliyeweza kulitawala jangwa kwa askari wake mwenyewe, kwa hiyo kila mmoja alitafuta Waarabu wa kuwa uzio. Warumi waliwatumia Banu Ghassan upande wa Shamu. Waajemi waliwatumia wafalme wa Banu Lakhm, waliokaa Hira, katika Iraki ya leo.

Hira haukuwa mji mdogo. Mwana wa mfalme wa Uajemi, Bahram, alilelewa huko, na ulikuwa na askofu na Wakristo wengi wa Kiarabu walioitwa Ibad, yaani watumishi. Hata hivyo mfalme wake maarufu, Mundhir wa tatu, alikuwa mpagani mkali. Mwandishi Procopius wa karne ya sita anaeleza kwamba alimteka mwana wa mfalme wa Ghassan akamtoa kafara kwa mungu wake wa kike. Mundhir huyo aliuawa vitani na Harith wa Ghassan mwaka 554. Waarabu waliuana miaka hamsini kwa faida ya Kaisari na Kisra. (Kisra ndilo jina ambalo Waarabu, na Waswahili baada yao, waliwaita wafalme wa Uajemi.)

Kisha falme zote mbili zikafanya jambo la ajabu. Karibu mwaka 581 Warumi walimkamata Mundhir wa Ghassan, Mkristo na rafiki yao, kwa kumshuku. Mabishano ya mafundisho kati ya kanisa la Konstantinopoli na kanisa la Ghassan yalichangia chuki hiyo, na mwishowe alipelekwa uhamishoni Sisilia. Karibu mwaka 602 Kisra Parwiz alimwondoa Nu'man, mfalme wa mwisho wa Hira, ambaye naye alikuwa amebatizwa, akamwua. Uzio uling'olewa na wenye shamba wenyewe. Miaka michache baadaye Waarabu wa Bakr bin Wail waliwashinda askari wa Uajemi mahali paitwapo Dhi Qar. Vita vyenyewe vilikuwa vidogo, lakini habari yake ilienea jangwani kote: Mwajemi anaweza kushindwa.

JUMANNE: Najran, Habasha na Yemeni

Siku hii isomwe taratibu, kwa kuwa inatugusa sisi Waafrika na inatugusa kama Wakristo.

Yemeni ilikuwa nchi ya mvua, mashamba na miji. Wafalme wake wa Himyar waliziacha sanamu mwishoni mwa karne ya nne, wakaielekea dini ya Kiyahudi. Mwaka 523 mfalme Yusuf, ambaye Waarabu humwita Dhu Nuwas, aliuzingira mji wa Najran, uliokuwa na Wakristo wengi, akawaua walioikataa amri ya kumkana Kristo. Askofu Mwajemi, Simeoni wa Beth Arsham, aliandika barua juu ya jambo hili. Anasema alikuwa kambini kwa Mundhir wa Hira, mwanzoni mwa mwaka 524, wakati ujumbe wa Dhu Nuwas ulipofika ukimshauri Mundhir awatendee Wakristo wake vivyo hivyo. Tazama jinsi mambo yalivyofungamana: mauaji ya kusini yalisomwa kwa sauti mbele ya mtumishi wa Kisra kaskazini.

Mwaka 525 mfalme Kaleb wa Aksum, Mkristo, alivuka Bahari ya Shamu na jeshi lake, na Dhu Nuwas akafa. Waafrika wakatawala Yemeni. Haukupita muda mrefu, jemadari Abraha akamwasi gavana aliyewekwa na Kaleb akajifanya mfalme. Alijenga kanisa kubwa Sanaa, na kila mtoto wa chuoni hapa Chake Chake anaijua habari ya watu wa tembo waliokwenda Makka, ambao mapokeo ya Kiislamu huwahusisha na Abraha.

Baada yake watoto wake walikuwa wakali, na mtu mkubwa wa Himyar, Saif bin Dhi Yazan, akaenda kuomba msaada. Mwanahistoria Tabari ameyahifadhi masimulizi yake. Kisra Anushirwan hakutaka kwanza. Alisema nchi hiyo ni mbali na mali yake ni kondoo na ngamia. Akampa Saif fedha arudi kwao. Saif akatoka akazimwaga fedha hizo kwa watumwa na watoto. Alipoulizwa, alijibu kwamba milima ya kwao ni dhahabu na fedha, azifanyie nini hizi? Tamaa ikaamka. Mshauri mmoja akamwambia mfalme atume wafungwa waliohukumiwa kufa: wakishinda, nchi ni yako, wakifa, ndilo ulilotaka. Wakatumwa watu 800 katika merikebu nane chini ya mzee Wahriz. Merikebu mbili zilizama. Waliofika walishinda, na tangu karibu mwaka 570 na kitu Yemeni ikawa chini ya Uajemi mpaka gavana wa mwisho, Badhan, aliposilimu mwaka 628.

Huenda masimulizi hayo yametiwa chumvi kidogo, kama hadithi za baraza zinavyotiwa. Lakini mkondo wake ni wa kweli. Watu wa Yemeni walimwita Mhabeshi awaokoe na Myahudi, kisha wakamwita Mwajemi awaokoe na Mhabeshi. Kila mwokozi alibaki kuwa bwana.

Ndugu wengine katika vikundi vyetu humsifu Kaleb kama mtetezi wa imani. Mimi nasita. Damu ya Najran ilikuwa ushuhuda wenye nguvu kuliko jambo lolote ambalo kanisa lilifanya Uarabuni katika karne ile, na hao hawakushika upanga. Yaliyofuata, kanisa la Sanaa lililolindwa na majeshi ya wageni, yaliwafanya Waarabu wengi wauone msalaba kuwa bendera ya nchi nyingine. Imani ikishafika kwa namna hiyo, ni vigumu sana kwa mtu wa kijijini kuitenganisha na bakora iliyokuja nayo.

Zingatia pia kwamba katika kisa hiki mtesaji alikuwa wa dini ya Kiyahudi na waliouawa Wakristo. Katika visa vingine mambo yaligeuka. Je, ni kitu gani kinachofanana katika mateso yote hayo, bila kujali jina la dini iliyoshika madaraka?

JUMATANO: Bahari iliyofika kwetu

Nguvu ya Uajemi haikuwa ya nchi kavu tu. Procopius anasema karibu mwaka 531 mfalme Justinian wa Rumi aliwaomba Wahabeshi wanunue hariri kutoka Wahindi ili Warumi wasiwape Waajemi fedha. Wakashindwa, kwa kuwa wafanyabiashara wa Kiajemi walikuwa daima bandarini mahali merikebu za India zilipotia nanga, wakinunua shehena nzima. Pwani ya Omani nayo, iliyoitwa Mazun, ilikuwa mikononi mwa Waajemi, huku Waarabu wa Azd wakikaa bara.

Pwani yetu ilikuwa mwisho wa bahari hiyo hiyo. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja kisiwa cha Menuthias, ambacho huenda ni Pemba, Unguja au Mafia. Kinaeleza mashua zilizoshonwa kwa kamba na mitego ya kusukwa ya kuvulia. Mvuvi wa dema hapa kwetu hatashangaa akisomewa. Kitabu hicho kinasema pia kwamba mji wa Rhapta, pwani ya bara, ulikuwa chini ya mtawala mmoja wa Yemeni, na kwamba manahodha wa Kiarabu waliotumwa huko walioa wenyeji na kuijua lugha yao. Zaidi ya miaka mia tano kabla ya Uislamu!

Wachimbuaji wa mambo ya kale walipofukua Unguja Ukuu, na pia Tumbe hapa Pemba, walipata vigae vya mitungi yenye rangi ya kijani na samawati iliyofinyangwa upande wa Ghuba ya Uajemi, kwa ufundi uliotoka zama za Wasasani.

Sasa soma Matendo 2:5–11. Angalia jinsi Luka anavyoanza orodha yake na Waparthi, Wamedi na Waelami, watu wa nchi za Uajemi, na anavyoimaliza na Waarabu. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake. Linganisha na kilichotokea baadaye. Makanisa ya Hira na Najran yalisali na kusoma hasa kwa Kisiria, na hakuna nakala ya Biblia ya Kiarabu ya kabla ya Uislamu iliyopatikana mpaka leo. Mwarabu wa kawaida, mpenda maneno kuliko watu wote, hakuwa na Neno kwa lugha aliyoilia akiwa mtoto. Kwa maoni yangu huo ulikuwa upungufu mkubwa kuliko wa majeshi. Sisi Biblia nzima ya Kiunguja tuliipata mwaka 1891. Je, tunaisoma?

ALHAMISI: Kuanguka kwa Kisra

Mwaka 602 vita vikubwa vya mwisho kati ya Rumi na Uajemi vilianza. Kisra Parwiz aliiteka Dameski mwaka 613, Yerusalemu 614, kisha Misri. Mwaka 626 majeshi yake yalikuwa ng'ambo ya Konstantinopoli. Makka nako watu walifuatilia. Kurani yenyewe ina sura iitwayo Warumi inayotaja kushindwa kwao. Kisha Heraclius wa Rumi akageuza mambo, akawashinda Waajemi karibu na Ninawi Desemba 627. Februari 628 Kisra alipinduliwa na wakuu wake mwenyewe, na mwanawe akaruhusu auawe. Tauni ikaingia. Katika miaka minne kiti kile kilikaliwa na wengi, wakiwemo binti zake wawili, Boran na Azarmidokht, mpaka akawekwa Yazdegerd, kijana mdogo. Karibu mwaka 636 Waarabu, sasa wakiwa Waislamu, walilishinda jeshi lake Qadisiyya, si mbali na Hira, pale ambapo uzio wa zamani ulikuwa umeng'olewa. Yazdegerd aliuawa mwaka 651, na nasaba ikaisha.

Hapa ndipo Ufunuo 9 huingia. Wengi wa wafasiri wa Kiprotestanti wa zamani, na waanzilishi wetu pamoja nao, waliiona baragumu ya tano kuwa ni kuinuka kwa Waarabu. Uriah Smith, akimfuata Alexander Keith wa Scotland, aliuhusisha ufunguo wa shimo na kuanguka kwa Kisra: mlango uliowazuia Waarabu ulifunguka Uajemi ulipovunjika. Kama maelezo ya historia, tumeona kwamba yana msingi. Falme mbili zilichoshana na kuvunja uzio wao kwa mikono yao. Kuna wasomi wa kanisa wanaolisoma fungu hilo kwa njia nyingine, na darasa linaweza kulijadili kwa amani.

Lakini liko jambo moja nisilotaka lipite. Nimesikia fungu hili likitumiwa vibarazani kama jina la kuwaita majirani zetu. Unabii huo, hata kwa usomaji wa waanzilishi, unasema juu ya majeshi na falme za wakati fulani. Hausemi juu ya mama anayekuuzia ndizi Wete, wala mwalimu wa madrasa aliyekusaidia kumzika mtoto wako. Soma Amosi 9:7 ukifikiri hivyo. Mungu anasema aliwaongoza Wafilisti na Washami katika safari zao pia. Israeli walidhani hadithi ya kutoka utumwani ni yao peke yao.

IJUMAA: Kujifunza Zaidi na Maswali ya Kujadili

Soma tena Danieli 2:21 pamoja na Danieli 10:13, 20, mahali mkuu wa Uajemi anapotajwa. Kisha jadilini.

1. Ghassan na Hira wote walikuwa na Wakristo, na waliuana kwa ajili ya falme za wengine. Ni wapi leo waumini hugawanyika kwa sababu ya mabwana walio nje ya kanisa: chama, kabila, au tofauti ya Unguja, Pemba na bara?

2. Nu'man wa Hira alibatizwa, lakini ubatizo haukumpa ulinzi kwa Kisra. Tunawaambia nini wanaoomba kubatizwa hapa kisiwani juu ya gharama, na kanisa linawaandalia nini baadaye?

3. Jirani akikwambia kwamba Ukristo uliletwa na wageni wenye bunduki, utamjibu kwa historia ipi? Je, Najran inakusaidia, na Abraha je?

4. Kabla ya Sabato ijayo, mwulize jirani mmoja mzee akueleze asili ya ukoo wake, na jinsi baba zake walivyohesabu Nairuzi. Sikiliza mpaka amalize, usimfundishe chochote. Umejifunza nini ambacho hukukijua?